Tumekulimia Kibugu, Sasa Njoo Dallas

Mpendwa mwenzangu Njeru,

Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako naijua. Mzima wa afya, mashavu yamejaa, na ng'ombe wako amezaa. Haya yote niliambiwa na mama yako Jumamosi iliyopita nikiwa nimeshika jembe katikati ya shamba lenu, huku wewe mwenyewe umepotea kwa kisingizio cha kwenda kukata nepia, majani ya ng'ombe. Nepia niliiona kwa macho yangu, imerundikwa kando ya zizi, ya kutosha kulisha ng'ombe wa kijiji kizima. Mtu akifariki tunamlilia, akienda ng'ambo tunamtumia salamu. Wewe uko hapo Kibugu tu, mahali ninapoweza kufika na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na bado nalazimika kukuandikia barua kama mtu aliyevuka bahari. Nimekuchoka, Njeru. Nimekuchoka, na ninakukumbuka pia, na sijui lipi kati ya hayo linaniudhi zaidi.

Barua hii naiweka wazi kwenye ukurasa wa mbele wa mradi wetu, ili kila anayeuliza Njeru yuko wapi aisome, aache kuniuliza mimi. Na kwa kuwa najua huufungui ukurasa huo, nakala nimempa mtu wa boda boda anayepeleka mbolea huko kwenu, aitie mkononi mwa mama yako. Atakusomea upende usipende.

Acha nianzie mwanzo, kwa sababu wengine wanaosoma hawajui, na wewe unajifanya umesahau.

Tulikutana kwenye saiba moja, duka la intaneti, karibu na stendi ya Embu. Mimi nimetoka Nkubu kwa Wameru, wewe Kibugu, wote tuna vyeti vya kompyuta na wote kazi yetu ni kuwajazia watu fomu mtandaoni. Mwenye duka akija anataka tovuti, tunamtengenezea. Kanisa likija, tunalitengenezea. Na kila tovuti ilihitaji vitu vilevile: kitufe cha kubonyeza, orodha ya kuchagulia, kalenda ya kuchagulia tarehe. Kila mara tuliviandika upya kwa lugha ya JavaScript, kama mama anayefuma kikapu kipya kila akienda sokoni. Siku moja ulisukuma kiti nyuma ukaniangalia kwa uso ule wako wa mtu aliyepata wokovu.

"Makena," ulisema, "kwetu hakuna mtu analima peke yake. Mbona sisi tunalima peke yetu?"

Hapo ndipo jina lilipopatikana. Wasiotoka huku wajue: ngwatio ni pale majirani wanapokuja kwako na majembe, wanalima shamba lako siku nzima, unawapikia wanakula, na zamu ya mwingine ikifika nawe unabeba jembe lako unaenda. Hakuna anayeajiriwa. Siku inarudishwa kwa siku. Basi tukakusanya vitufe vyetu, orodha zetu na kalenda zetu, tukaziweka pamoja katika maktaba moja ya kodi, yaani maandishi ya programu, tukaiita Ngwatio, tukaianika mtandaoni. Yeyote aichukue, aitumie bure, na akiona kasoro arekebishe aturudishie. Nilidhani ni wazo zuri kupita yote niliyowahi kuyasikia. Bado nadhani hivyo, na hilo ndilo linalonitesa.

Tulifanyia kazi nyumbani kwangu, mtaa wa Dallas hapa Embu mjini, sebuleni, wewe ukiwa upande wa dirisha kwa sababu eti mtandao unaingilia hapo. Mwenye nyumba aliamini tunacheza kamari. Alisema haiwezekani watu wazima wawili wakodolee macho skrini kutwa nzima, halafu washangilie ghafla, halafu wanyamaze tena. Nilijaribu kumweleza kwamba menyu ilikuwa imekubali kufunguka kuelekea chini badala ya juu. Akaniambia niombe sana, kamari ina pepo lake.

Kisha ukaja mchango wa kwanza kutoka kwa mtu tusiyemjua. Mtu wa ng'ambo, jina lake hata hatukuweza kulitamka, alikuwa ameona kosa dogo katika kitufe chetu, akalirekebisha, akatutumia. Ulisimama ukazunguka meza. Ukampigia mama yako ukaweka simu kwenye spika, ukamwambia kwa Kiembu kwamba kuna mtu ametoka ng'ambo amekuja kutulimia. 

"Na mmempikia nini?" mama yako akauliza.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wewe hukucheka. Niliona neno lile likikuingia, likakaa. Ulikata simu ukaniambia kwamba ni kweli, huyu mtu hatuwezi kumpikia, hatuwezi hata kumpa chai, basi angalau tusimfedheheshe. Mtu akibeba jembe lake kutoka kwao hadi kwako, humwambii mistari yake imepinda. Unamshukuru, unapokea. Nikakwambia hiyo ni sawa kwa shamba, lakini kodi si udongo. Mstari uliopinda katika kodi unaangusha na ile iliyonyooka. Ukanijibu kwa lile neno ambalo siku hizi nikilisikia kwa mtu yeyote damu inanichemka.

"Wewe merge tu. Tutanyoosha baadaye."

Njeru, hiyo baadaye ndiyo hii ninayoishi mimi.

Ulikubali kila kitu, ukakiunganisha na kodi yetu. Mtu akileta kitufe cha mviringo, karibu. Mwingine akileta kitufe cha mviringo kilekile kwa jina jingine, karibu pia, asije akaona tumempendelea yule. Ukapokea kitufe kinachotetemeka ukikikaribia. Ukapokea kitufe kinacholia. Ukapokea saa yenye namba za Kirumi, katika maktaba ya kutengenezea fomu, kwa sababu mwenye kuileta alisema ameifanyia kazi likizo yake yote. Maktaba iliyokuwa nyepesi kama kiroba kitupu ikawa mzigo ambao simu ya mkulima ilihema kuufungua. Nikilalamika unaniambia nina moyo mgumu, Wameru ndivyo tulivyo. Nikinyamaza unaongeza kitufe.

Na theluji. Usidhani nimesahau theluji. Mtu wa nchi za baridi alituletea kipande cha kunogesha kurasa mwezi wa Desemba: vitone vyeupe vinavyoanguka polepole kutoka juu ya skrini. Ulikiunganisha bila hata kuniita, na kumbe kilikuwa kinajiwasha chenyewe. Chama cha wakulima wa kahawa kule Runyenjes kilikuwa kinatumia maktaba yetu kwenye tovuti yake. Mwenyekiti wao alinipigia simu akiwa amepandisha sauti.

"Hii kitu nyeupe inaanguka kwa website ni nini? Wazee wako hapa ofisini wanauliza mvua ya mawe imepiga upande gani."

Wazee wa watu walikuwa wameacha shughuli zao wakaja kuuliza kahawa ya nani imekwisha. Nilizima theluji ile mimi mwenyewe. Wewe ulikuwa umeshika kikombe, unasema lakini ilikuwa inapendeza.

Sasa tuje kwenye kalenda, maana hapo ndipo mzaha unapoishia.

Mtu anayeishi upande wa magharibi kabisa wa dunia alituletea kalenda mpya ya kuchagulia tarehe. Nzuri, sikatai. Ilifunguka taratibu, rangi zimetulia, hata mimi niliipenda. Lakini ndani yake kulikuwa na kosa moja. Ukichagua siku, iliuchukua mwanzo wa siku hiyo kwa saa za kwetu, ikaugeuza kuwa saa ya kimataifa, ile inayohesabiwa kutoka Uingereza. Na sisi tuko mbele ya Uingereza. Jumanne ikianza Embu, kule bado ni Jumatatu. Kwa hiyo unabonyeza Jumanne, macho yako yanaona Jumanne, na kalenda inahifadhi Jumatatu. Yule aliyeiandika hakuona kitu, kwa sababu yuko nyuma ya Uingereza na kwake tarehe ilibaki sawa. Simlaumu. Alilima akiangalia jua la kwao. Nilikwambia tuijaribu kwanza kwa saa za huku kabla ya kuitoa. Ulikuwa umeshaitoa, na umeshamwandikia shukrani ndefu kuliko kodi yenyewe.

Wakati huo malalamiko yalikuwa yamefurika. Vitufe vinagongana, kurasa nzito, hiki kimeharibu kile. Watu waliokuwa wanatumia jasho letu bure walituandikia kama watu waliotuajiri na sasa wanataka kutufuta. Ulikuwa unamjibu kila mmoja. Nilikuona kwa macho yangu ukimwomba msamaha mtu aliyeandika alama ya kuuliza peke yake, bila neno hata moja. Mwingine akaandika kuuliza kama mradi huu umekufa. Hilo hukulijibu. Ulifunga laptop, ukamaliza chai yako.

"Wacha niende nisaidie mathe na majani chai wiki hii," ulisema.

Ukaacha laptop mezani kwangu, na chaja yake imechomekwa ukutani. Nilikusindikiza hadi getini. Sikukuuliza neno, kwa sababu ulikuwa umechoka kiasi kwamba ningekuuliza ungelia. Wiki hiyo bado haijaisha, Njeru. Chai imechunwa, imechipua, imechunwa tena, mvua za masika zimepita na za vuli zimepita, nami bado nahesabu kwamba umeenda kusaidia wiki hii.

Sikuja kukusumbua mapema kwa sababu nilikuelewa. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea kukufokea. Mtu asiyeweza kusema hapana akichoka hana njia nyingine ila kukimbia. Nilisema apumzike, atarudi. Nikakusikia umeiacha simu yako ya kisasa ukanunua kabambe, simu ya kupigia tu, nikasema sawa, hata hiyo ni dawa. Nilibaki nikipalilia peke yangu, nikiondoa vitufe, nikiwajibu watu kwa adabu niliyokopa kwako. Kinoti wa Maua, yule aliyekuwa anatuandikia maelezo ya matumizi, akaja kunisaidia. Lakini kuna jambo moja ambalo mimi na Kinoti hatuwezi kulifanya hata tukifunga na kuomba. Kutoa toleo jipya la Ngwatio, lile linalowafikia watu wote, kunahitaji akaunti yako, nenosiri lako, na zile namba za siri zinazotokea kwenye simu yako. Ulikuwa uniongeze kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuitoa. Kila nikikukumbusha ulisema utaniadd kesho.

Kisha akanipigia Sista Igoki. Humjui, ni muuguzi katika zahanati ndogo karibu na Runyenjes. Walichukua kalenda yetu wakaiweka kwenye mfumo wao wa kuwapangia akina mama siku za chanjo. Sista anachagua Jumanne, mfumo unamtumia mama ujumbe wa simu uje Jumatatu. Chanjo zenyewe zinafunguliwa Jumanne. Mama mmoja alishuka mlima amebeba mtoto mgongoni, mvua inanyesha, akaambiwa leo si siku yako. Akaonyesha ujumbe. Wakaona ni yeye aliyesoma vibaya. Akarudi kwake akiwa amedhalilika, na Jumanne hakuja tena. Sista Igoki ilibidi amfuate mpaka nyumbani, amwombe radhi, amchanje mtoto hapohapo mlangoni.

"Mimi sitaki kujua ni nani amekosea," aliniambia. "Nataka tu mama akiambiwa siku, ikuwe ni hiyo siku."

Zahanati ile niliirekebishia kwa mkono. Nilitoa kalenda yetu, nikaweka visanduku vya kuandika tarehe. Nilikaa palepale kwenye benchi lao nikifanya hivyo, akina mama wananitazama, na sijawahi kuona aibu kama ile. Lakini hiyo ni zahanati moja, na niliijua kwa sababu Sista alinipigia. Kitu cha bure hakina orodha ya waliokichukua. Kila mahali pa upande wetu wa dunia ambapo jua linatangulia kuchomoza, kuna mtu pengine anaambiwa Jumatatu badala ya Jumanne, na anadhani ni macho yake.

Dawa ipo. Mimi na Kinoti tumeiandika, ni fupi, tumeijaribu kwa saa za Embu na za kila upande tulioweza kuufikiria. Iko kwenye chupa, na kifuniko umekikalia wewe. Kinoti aliniambia tuchukue kodi yote tuitoe upya kwa jina jingine, sheria ya mradi inaruhusu. Nikamwambia wanaoumia hawatalijua jina jipya. Mifumo yao inachota kwa jina lile la zamani, lile ulilolitoa wewe kwa mapenzi, na itaendelea kuchota kosa lilelile kila inapojengwa upya.

Nilikupigia. Kabambe yako iliita mpaka ikachoka. Nilituma ujumbe, ukanijibu mara moja tu, kwamba huko hakuna mtandao. Mtandao wa kuniambia hakuna mtandao ulikuwepo.

Basi nikaamua, na wazo hili ni langu, sikufundishwa na mtu. Nikasema, huyu mtu amekataa kuitwa na simu, amekataa kuitwa na barua pepe, lakini bado ni mtu wa Kibugu. Kuna kitu kimoja ambacho mtu wa Kibugu hawezi kukikataa.

Tulifika Jumamosi asubuhi: mimi, Kinoti aliyelala kwa binamu yake mjini ili awahi, na Sista Igoki ambaye alisema anataka kumwona huyu Njeru kwa macho. Majembe tuliazima. Mama yako alitoka jikoni akatukuta tumesimama uani, akatutazama mmoja mmoja, akatazama majembe. Nikamwambia tumekuja ngwatio ya Njeru. Hakuuliza zaidi. Alisema ulikuwa hapo sasa hivi, umeiona boda boda ya kwanza ikipinda kona ukakumbuka nepia. Akatupeleka kwenye kile kipande cha chini kinachongoja mahindi na maharagwe.

Majirani nao hawakukawia. Mama mmoja aliegemea ua akauliza kwa sauti ya kusikika kama kumbe Njeru ameoa Mmeru. Nikataka kujibu. Mama yako akanishika mkono.

"Usiwajibu, wataongea wachoke. Wewe lima."

Nikalima. Viganja vilivimba, kiuno kikakatika, na watoto wa jirani walicheka namna ninavyoinua jembe. Mwambie yule mama wa uani kwamba sikukuja kukutaka wewe. Nilikuja kutaka toleo.

Lakini jambo ninalotaka kukusimulia ni hili, na ukilisikia ukae chini. Kinoti alikuwa analima upande wa juu. Kinoti ni mtu mwema, ila jembe halijui. Mistari yake ilikuwa inaenda kama mlevi anayetafuta nyumba. Nilimwona mama yako akimkaribia, nikajisemea sasa nitaona ile adabu ya Njeru kwenye chemchemi yake. Mama yako akaangalia udongo, akamgusa bega.

"Hii mistari imepinda," alimwambia. "Wacha jembe, uende uteke maji. Hapa atalima Sista."

Kinoti akacheka, akachukua madumu, akaenda. Hakuna aliyefedheheka. Maji aliyateka vizuri kuliko alivyolima, na mchana tulimshukuru yeye kuliko wote kwa sababu jua lilikuwa kali. Nilisimama nikaegemea jembe. Mama yako mzazi, kwenye ngwatio yenyewe, kamwondoa mtu kwenye mstari. Nikamuuliza, kwani kwenye ngwatio mtu haambiwi amekosea? Akaniangalia kama nimeuliza kama mvua inalowesha. Nikamweleza ulivyoniambia wewe, habari ya jembe la mtu na kutomfedhehesha.

"Njeru?" alisema. "Njeru alikuwa shule ya boarding. Ngwatio alikuwa anapata ya kukula tu."

Njeru. Theluji ile. Vitufe vile. Mama yule mwenye mtoto mgongoni. Miaka yote umeniendeshea mradi kwa mila uliyoifikia ikiwa tayari imepakuliwa kwenye sahani.

Kuna jingine ambalo nilitaka kukuficha, lakini nimeamua ulisikie. Wakati wa kupumzika mama yako alitoa simu mfukoni ili anionyeshe picha ya ndama. Ni simu yako ile ya kisasa. Alisema ulimwachia atazamie ibada. Na pale, kati ya mahubiri na picha za ndama, niliona kile kijialama cha namba za siri. Laptop yako iko kwangu, nenosiri limehifadhiwa ndani. Simu iko mkononi mwangu. Mama yako, aliponiona nimeitazama sana, akaniambia kama ni hiyo ninayotaka basi niende nayo, nifanye kazi yetu, atatazama ibada kwa jirani. Sista Igoki alikuwa pembeni, anaona yote.

Niliirudisha. Sista hajanielewa mpaka leo, na pengine ana haki. Lakini nikitoa toleo kwa jina lako wewe hujui, nitakuwa nimewafundisha wote waliotuamini kwamba jina kwenye mlango wetu si lazima liwe la aliyefungua. Na ukweli mwingine ni kwamba ningeupata ufunguo kwa njia ile, nisingekuwa na sababu ya kukutafuta tena. Sikuwa tayari kwa hilo.

Halafu tukaitwa kula. Mukimo wa maboga na mahindi vilivyopondwa pamoja, kando yake njahi, yale maharagwe meusi, na chai iliyojaa maziwa. Mama yako alishika mwiko akatusimamisha kabla hatujagusa.

"Mkishakula hii, siku yenu iko kwa Njeru," alisema. "Atairudisha."

Sista Igoki akamuuliza, na akikataa je? Mama yako akasema kama ungekuwa na la kukataa ungebaki nyumbani ukatukataza tukiwa bado tumesimama uani. Sasa shamba limelimwa. Akapakua. Tukala. Kinoti alirudia, nami nikarudia, na mwishowe tukakwangua sufuria.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo ni siku yangu, na unajua nyumba ilipo. Laptop nimeipangusa vumbi. Utakaa upande wa dirisha, utafungua, utatoa toleo lenye kalenda iliyonyooka, kisha utaniongeza mimi na Kinoti ili isitokee tena mtoto wa mtu akakosa chanjo kwa sababu Njeru ana nepia. Baada ya hapo uko huru. Ukitaka kurudi kwa ndama wako, nitakusindikiza getini kama mara ile, na safari hii sitakufuata. Ukitaka kubaki, kazi ya kusema hapana niachie mimi. Mistari ikipinda nitawaambia wakateke maji, na wapo wengi ambao maji watayateka vizuri. Wewe utabaki kuwashukuru, maana hapo sijaona wa kukushinda.

Usilete ndizi wala maziwa. Lete simu ya mama yako.

Tulipokuwa tunaaga, nimepanda boda boda, viganja vimefungwa vitambaa, mama yako alinisogelea akaniuliza swali moja. "Na yeye akija, mtampikia nini?" Nikamwambia githeri ya mahindi na maharagwe, na nyama nitaweka. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi atakuja," alisema.

Mwenzako niliyebaki shambani,
Makena